Kumi na sita: mhadhara wa kwanza katika kozi ya muziki wa dunia

Ndugu wanafunzi, karibuni. Walio nyuma kabisa sogeeni mbele, viti bado vipo, na leo viganja vitafanya kazi kuliko kalamu.

Kozi kama hii kwa kawaida hufunguliwa kwa ramani. Wiki ya kwanza India, ya pili Java, ya tatu Misri, na muhula unapokwisha mwanafunzi anajua kwamba sitar ni ya India na gamelan ni ya Indonesia, basi. Ukimwekea dakika tatu za sauti bila kumtajia jina, hajui aanzie wapi. Kajifunza majina ya sahani, chakula hajaonja. Kwa hiyo ramani tutaiacha kando kwa muda. Leo tunashika namba moja tu, 16, na swali moja: katika mapigo 16, uzito uko wapi?

Namba hiyo mnaijua tangu darasa la ushairi. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao, na kila nusu ina kina chake. Hesabuni kwa vidole:

Nahesabu kwa makini, mapigo yapite kumi,
Upatu ulie chini, ndipo nifunge ulimi.

Ni tungo za kufundishia, msizipime kwa ufundi. Nataka msikie kitu kimoja. Anayesikiliza shairi likighaniwa hashiki silabi ya kwanza, anangoja kina. Kina cha kati, -ni, kinamjulisha kwamba tumefika nusu. Kina cha mwisho, -mi, kinamjulisha kwamba mshororo umetua. Mtunzi akianza na neno dhaifu hakuna anayegeuka, lakini akipotoa kina cha mwisho ukumbi mzima unaguna. Uzito uko mwishoni. Naweka tahadhari mapema: mizani ni silabi, si kipimo cha muda. Mghani anaweza kuivuta silabi moja ikala nafasi ya nne, na mizani inabaki moja. Ninachokiazima kwenye shairi ni mahali pa kutua, si mwendo wenyewe.

Jambo la pili mnalolijua bila kufundishwa ni saa. Sisi tukisema saa moja asubuhi, anayehesabu kuanzia usiku wa manane anasema saba. Jua ni lile lile, limesimama pale pale. Kilichotofautiana ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Na mtu wa mwambao akikwambia usiku wa Ijumaa, ana maana usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, maana kwake siku huanza jua linapotua. Ukimwelewa vibaya utafika kwenye shughuli yake watu wameshaosha vyombo. Kwenye muziki kosa ni hilo hilo: unahesabu sawasawa kabisa, ila umeanzia mahali ambapo wenyewe hawaanzii.

Sasa twende Java ya kati, kwenye miji ya Yogyakarta na Surakarta. Gamelan ni seti nzima ya ala, nyingi zikiwa za shaba iliyochanganywa na bati: patu za kuning'inia, patu za kulaza, na vipande vya chuma vilivyopangwa juu ya sanduku kama marimba. Nasema patu kwa sababu neno tunalo. Upatu hupigwa katika ngoma zetu nyingi za pwani, ingawa upatu wetu ni kama sinia na wa kwao una nundu katikati, na hiyo nundu ndiyo inayopigwa.

Kuna umbo la wimbo linaloitwa lancaran. Mzunguko wake ni mapigo 16, na ala nne zinaugawa. Kethuk ni kipatu kidogo cha kulaza chenye sauti fupi, kavu. Kinapigwa kwenye namba zote za witiri: 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15. Kenong ni kikubwa zaidi, kinalazwa juu ya kamba ndani ya fremu ya mbao. Kinapigwa 4, 8, 12 na 16. Kempul huning'inia, kinapigwa 6, 10 na 14. Na upatu mkubwa kuliko yote, gong ageng, unapigwa mara moja tu, pigo la 16, pamoja na kenong.

Tuigawe kwa midomo. Safu ya kushoto ni kethuk, mnasema "tuk". Safu ya kati ni kenong, "nong". Safu ya kulia ni kempul, "pul". Mlioko nyuma kabisa, ambao hamkusogea, ni gong. Mwendo ni pigo moja kwa sekunde, usizidi hapo kwa dakika mbili za kwanza. Inatoka hivi:

tuk – tuk nong,
tuk pul tuk nong,
tuk pul tuk nong,
tuk pul tuk GONG.

Itazameni hiyo karatasi tena. Mstari wa kwanza una pengo kwenye pigo la 2. Kila darasa linapojaribu mara ya kwanza, safu ya kempul inaingia hapo, na sababu inaeleweka: akili ikishasikia "tuk pul tuk nong" mara tatu inaitaka na mara ya nne. Lakini wapigaji wa Java wanaacha kempul hapo, na pengo hilo lina jina lake, wela. Maelezo yanayotolewa ni kwamba gong bado inalia. Sauti yake ni nzito na ndefu, inatetemeka chumba kizima, na kempul ukimpiga juu yake unamkatiza mkubwa kauli. Dawa ya kosa hili ni ndogo: safu ya kempul, gong ikilia, vuteni pumzi. Aliye katikati ya kuvuta pumzi hawezi kusema "pul".

Kosa la pili ni zito zaidi na halisikiki haraka. Mtu aliyezoea kwaya au bendi anaipa uzito pigo la 1, halafu akisikia gong, nzito kuliko zote, anadhani hapo ndipo 1. Ataandika kwenye daftari "gong inapigwa pigo la kwanza", na kila ala itasogea nafasi moja: kenong itakuwa 1, 5, 9, 13, na kethuk itaangukia namba za shufwa. Hesabu yake ina mantiki ndani yake yenyewe, ila imepinduka kwa mpigaji. Wajava huandika nyimbo kwa tarakimu, na wanazipanga nne nne. Kila fungu la nne linaitwa gatra, na noti yenye uzito katika gatra ni ya nne, kisha ya pili. Lahani inaelekea kwenye noti ya nne kama mshororo unavyoelekea kwenye kina. Hata utangulizi wa wimbo, unaopigwa na ala moja au mbili, unaishia kwenye gong: gong ya kwanza kabisa ni mwisho wa utangulizi, na ndipo wengine wote wanaingia.

Mkipata nafasi ya kukaa kwenye gamelan halisi, mambo matatu ya vitendo. Viatu vinabaki mlangoni na hakuna kuruka ala, unazunguka. Kwenye saron, vile vipande vya chuma vinavyopigwa kwa nyundo ndogo ya mbao, mkono wa kushoto unafinya kipande ulichokipiga wakati ule ule wa kulia unapiga kinachofuata. Ukifinya mapema unapata vipande vya sauti vilivyokatikakatika. Ukichelewa noti mbili zinalia pamoja na lahani inageuka ukungu. Hili ndilo linalomchosha mwanafunzi mgeni kuliko kusoma tarakimu. Tatu, mwendo hauko mikononi mwako. Ngoma, kendang, ndiyo inayouongeza na kuupunguza, na wimbo unapokaribia kwisha mwendo unalegea mpaka gong ya mwisho inachelewa kidogo, watu wote wakiisubiri. Mwanafunzi mwenye haraka huipiga kwa wakati wa saa ya ukutani, na wimbo unakufa ghafla kama taa iliyozimwa.

Tunahama, namba hatubadilishi. Kaskazini ya India, mzunguko wa mapigo unaitwa tal, na ulioenea kuliko mingine ni tintal: mapigo 16, manne manne. Hapa hesabu inashikwa kwa viganja. Piga kofi kwenye 1, 5 na 13. Kwenye 9 usipige, geuza kiganja juu hewani. Pigo la 1 linaitwa sam, na ndilo zito kuliko yote. La 9 linaitwa khali, tupu. Mpigaji wa tabla, ngoma mbili za kupigwa kwa mikono, ana silabi kwa kila pigo, na silabi hizo ndizo anazojifunza kwa mdomo kabla mkono haujagusa ngozi:

dha dhin dhin dha,
dha dhin dhin dha,
dha tin tin ta,
ta dhin dhin dha.

Silabi zenye dh zina ngoma mbili: ile ndogo ya kulia na ile kubwa ya kushoto yenye mvumo wa chini. Silabi za t ni ngoma ya kulia peke yake. Fuateni sasa: kuanzia pigo la 10 hadi la 13 mvumo wa chini haupo, na pigo la 14 unarudi. Kwa hiyo mtu aliyepotea hahitaji kuhesabu 16 zote. Anangoja mvumo upotee, anajua yuko kwenye khali, na ukirudi anajua sam iko mapigo matatu mbele. Wenye kozi hii hupoteza alama kwa kuhesabu tu kichwani kama karani wa benki, wakati ngoma yenyewe inawaonyesha njia.

Kosa la darasa kwenye zoezi hili ni kofi la pigo la 9. Mikono ikishazoea 1 na 5 inataka 9. Ni ndugu wa kosa la kempul: kote kuwili pengo ndilo linalobeba habari, na mikono haipendi pengo.

Mtaniuliza: basi tofauti ni nini, ikiwa gong ya 16 inatua na sam nayo inatua? Swali zuri, na jibu lake si jepesi kama vitabu vya utangulizi vinavyolifanya. Mwimbaji wa India naye analenga mahali pa kutua. Anaweza kuzunguka huko na huko mapigo kumi na moja, kisha anaangukia sam pamoja na tabla, na wasikilizaji wanatikisa kichwa. Kwa sikio kuna kufika, kama Java. Ila mahali hapo pa kufikia Mhindi anapaita 1 na Mjava anapaita 16. Mmoja anaona mlango wa kuingilia, mwingine anaona mlango wa kutokea, na mlango ni mmoja. Jina hilo lina matokeo, si mchezo wa maneno. Angalieni tihai.

Tihai ni kifungu kinachorudiwa mara tatu ili silabi yake ya mwisho kabisa iangukie sam. Tuchukue kifungu cha mapigo matatu, ta-ki-DHA, bila kupumzika katikati. Mara tatu ni mapigo 9, na la tisa lazima liwe sam. Hesabu kurudi nyuma: sam, kisha 16, 15, 14, 13, 12, 11, 10, 9. Unaanza pigo la 9, kwenye khali yenyewe. Ta 9, ki 10, DHA 11. Ta 12, ki 13, DHA 14. Ta 15, ki 16, DHA, na hiyo ni 1. Jaribuni. Nusu ya darasa itaanza pigo la 8, kwa sababu mtu anagawa 16 kwa mbili na kuiona 8 kama nusu, na DHA ya mwisho itaanguka kwenye 16. Hapo mmeumaliza wimbo wa India kwa kutua kwa Kijava, na mpigaji tabla atawatazama kwa huruma.

Ukitaka kifungu kirefu zaidi, kanuni ni hii: zidisha urefu wa kifungu kwa tatu, ongeza mapumziko mawili ya katikati kama yapo, toa 1, kisha rudi nyuma idadi hiyo kutoka sam. Kifungu cha mapigo manne chenye pumziko la pigo moja kati yake: 12 jumlisha 2 ni 14, toa 1 ni 13, rudi nyuma 13 kutoka sam ijayo, yaani pigo la 17. Unaanza pigo la 4. Mkishaelewa hapo hamhitaji kukariri tihai hata moja.

Sasa karibu na nyumbani, Buganda, kwa sababu huko kuna jibu la tatu ambalo linavuruga mawili ya kwanza.

Amadinda ni marimba ya mbao yenye vipande 12, vinavyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na vijiti vinachomekwa kati ya kipande na kipande visigongane. Mbao inayopendwa ni ya mti unaoitwa lusambya. Wapigaji ni watatu kwenye ala moja. Omunazi na omwawuzi wanakaa wakitazamana, na kila mmoja anapiga kwa mikono miwili noti ile ile katika oktavi mbili, yaani moja ya chini na ile ile tena juu yake, mikono ikiachana kwa vipande vitano. Omunazi anaanza peke yake, mapigo yaliyo sawa bila pengo. Kisha omwawuzi anaingia katikati ya mapigo yake, moja baada ya moja, kama meno ya zipu. Mwendo wa jumla unakuwa maradufu, na msikilizaji anasikia lahani tatu au nne ambazo hakuna mkono uliozipiga, kwa sababu sikio linakusanya noti za juu pamoja na za chini pamoja. Wa tatu, omukoonezi, ana vipande viwili tu vya mwisho, vile vidogo. Kazi yake ni kurudia kwa sauti ya juu kila mara mojawapo ya noti mbili za chini kabisa inapotokea kwenye mchanganyiko wa wale wawili. Yaani anapiga wimbo ambao hawezi kuuona kwa kumtazama mpigaji yeyote mmoja, lazima ausikie.

Uzito uko wapi hapo? Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyejifunza kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, kuanzia mwaka 1959, alieleza jambo ambalo masikio ya wengi yalikuwa yanalikosa: kila mpigaji anasikia mapigo yake mwenyewe kuwa ndiyo mapigo makuu. Omwawuzi haendi "katikati" ya mtu. Yuko kwenye pigo lake, na mwenzake ndiye anayeangukia katikati. Vituo viwili kwa wakati mmoja, kwenye ala moja.

Kwa darasa, zoezi lake ni hili. Wawili wawili, juu ya meza, kila mtu na penseli mbili. Wa kwanza anapiga mapigo sawa, takriban 100 kwa dakika. Wa pili anajifunza sehemu yake peke yake kwanza, mguu wake ukikanyaga pamoja na penseli yake, mpaka aikae kama nyumba yake. Ndipo anaingia. Wanaofundishwa kinyume, kwamba "wewe ingia baada ya mwenzako", wanafaulu polepole na kuanguka mwendo ukipanda, na sababu ni ya mwili: anayemngoja mwenzake apige ndipo ajibu anachelewa kidogo kila mara, na kwenye mwendo wa haraka ucheleweshaji huo unakula nafasi yote, penseli mbili zinagonga pamoja. Mizunguko ya amadinda pia haifungwi kwenye 16. Ipo ya 24, ya 36, ya 48 na mingine isiyo na umbo la kutazamiwa. Namba yetu imeishia mpakani.

Muziki wa ikulu hiyo ulipata pigo la kweli mwaka 1966, Lubiri, ikulu yenyewe, iliposhambuliwa na Kabaka kwenda uhamishoni. Wapigaji walitawanyika, na sehemu kubwa ya tunachokijua imepona kwa kurekodiwa na kwa waliofundishwa kabla.

Sauti zenyewe, juu na chini, nitazigusa kwa ufupi maana wiki ya tatu ni yake. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis alipendekeza kipimo kinachogawa oktavi sehemu 1200, zinazoitwa senti. Kutoka kitufe kimoja cha piano hadi kinachofuata, cheupe au cheusi, ni senti 100. Kwa kipimo hicho unaona mara moja kwamba amadinda, yenye noti tano kwenye oktavi, ina hatua zinazokaribia 240 kila moja, na kwamba ngazi ya Kijava ya noti tano, sléndro, nayo ina hatua za kukaribiana namna hiyo. Mtafiti A. M. Jones alifika mbali, mwaka 1964, akadai kwamba ufanano wa marimba za Afrika na za Indonesia ni ushahidi wa Waindonesia kulitawala bara hili zamani. Wengi wa watafiti hawakumfuata. Ukigawa oktavi kwa tano karibu sawa utapata karibu 240 popote ulipo duniani, na hesabu haihitaji jahazi.

Wala sléndro si moja. Kila gamelan ina tuni yake. Huwezi kuazima saron ya gamelan nyingine ukaiweka katikati bila kuharibu. Kwa hiyo mkipima kwa programu ya simu, msiandike jina la noti ambayo programu imeitaja, maana inazungusha hadi kitufe cha piano kilicho karibu. Someni senti. Na pimeni sekunde moja baada ya pigo, si pale mbao au chuma kinapogongwa, kwa sababu mwanzo wa sauti una makelele yanayoichanganya programu.

Kwenye maqam za Kiarabu, yaani ngazi zao za sauti, ndipo jambo hili linapogusa Zanzibar. Maqam ya Rast ina noti ya tatu ambayo haipo kwenye piano, iko kati ya vitufe viwili. Mwaka 1932 wataalamu walikutana Cairo, wakiwamo watafiti wa ala Hornbostel na Sachs na mtunzi Bartók, na moja ya mabishano lilikuwa kama oktavi igawanywe sawa mara 24 ili noti kama hizo zipate mahali rasmi. Udi na fidla hazina shida, kidole kinatafuta mahali pake. Kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, ina vijiti vidogo vya kufupisha na kurefusha sehemu ya uzi inayolia. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, kimelelewa kwenye ala za namna hiyo. Kodiani ilipoingia kwenye taarab ilikuja na vitufe visivyoweza kusogea, na kinanda cha umeme vivyo hivyo: wimbo wa Rast ukipigwa na ala hizo, noti ya tatu lazima ivutwe juu au chini. Mkisikiliza rekodi mbili za wimbo mmoja, ya zamani na ya kinanda, sikilizeni hapo kwanza. India walilichukulia jambo hili kwa hasira zaidi. Redio ya taifa, All India Radio, iliifungia harmonium, kinanda cha mvukuto, kuanzia 1940 hadi 1971, na moja ya sababu ilikuwa hiyo hiyo ya noti zisizosogea.

Ala tutazipanga kwa mfumo wa Hornbostel na Sachs wa mwaka 1914, ambao uliazima kwa Mahillon, mtunza makumbusho ya ala huko Brussels, naye alikuwa ameona mgawanyo wa kale wa Kihindi wenye makundi manne. Kundi la 1 mwili wa ala wenyewe ndio unaolia: kayamba, upatu, amadinda. La 2 ngozi. La 3 uzi: zeze, udi, kanuni. La 4 hewa: zumari, siwa, nai. Baadaye Sachs aliongeza la umeme. Swali ni moja: nini kinatetemeka? Hamuulizi inapigwaje wala inafanana na nini. Ndiyo maana piano iko kundi la 3 na harmonium kundi la 4, ingawa zote zina vitufe. Mtihani kila mara unaleta ilimba ya Wagogo, na wengi wanaandika kundi la 3 kwa kuwa vidole vinachokoa kama gitaa. Kinachotetemeka ni ulimi wa chuma, mgumu wenyewe, haukukazwa. Kundi la 1.

Kazi ya nyumbani ni daftari la kusikiliza, rekodi tatu, zisizozidi dakika tatu kila moja, nami nitawapa bila majina. Sikiliza mara ya kwanza mikono ikiwa mitupu. Tafuta tukio linalorudi, sauti nzito, ukimya, neno. Mara ya pili hesabu mapigo kutoka tukio hilo hadi linaporudi, mizunguko mitatu mfululizo. Ukipata 16, 16, 15, aliyekosea yumkini ni wewe, rudia. Mara ya tatu ndipo uandike ala na sauti. Maneno "inatuliza", "ya asili kabisa" na "ya ajabu" hayana alama, yanaeleza aliyesikiliza. Na mjihadhari: rekodi moja kati ya hizo itakuwa ni alap ya India au taksimu ya udi, ambazo hazina mzunguko wa mapigo hata kidogo. Kila mwaka wapo wanaoilazimisha 16. Jibu sahihi ni "hakuna mzunguko", na lina alama zote.

Tumebakiwa na dakika sita. Simameni, tuk kushoto, nong katikati, pul kulia. Mlioko nyuma ndio gong, na ninyi ndio mtakaoanza: mtalia mara moja, peke yenu, ndipo kethuk waingie. Kempul, pigo la pili mnavuta pumzi. Haya, gong.